Wakristo wa Eldoret wanachokiona katika mbio

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba ninakaa West Indies, wasiojua hudhani nimevuka bahari hadi visiwa vya kina Usain Bolt. West Indies yangu ni mtaa wa Eldoret, mji uliotangazwa kuwa jiji Agosti 2024, ulioko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari tuliyoizoea. Baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa Pwani atie udhu haraka kuliko inavyofaa. Lakini jina halikukosea sana. Kama kule Jamaica, huku nako watu hukimbia.

Sisemi mabingwa tu. Mabingwa wapo, na ukikaa hapa muda mrefu utapanga foleni ya mkate na mtu uliyemwona kwenye televisheni akivishwa medali. Nasema watu wa kawaida: karani wa benki, fundi wa magari, mama wa makamo mwenye leso kiunoni, mwalimu mstaafu. Ukitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri utawakuta barabarani wawili wawili au kumi kwa pamoja, mvuke ukiwatoka midomoni. Kwetu jioni watu hukaa barazani kwa kahawa chungu na kashata, wengine wakazunguka bao. Baraza ya watu wa huku ni barabara, na gumzo lao hulipiga wakikimbia.

Na kwa kuwa wengi wao ni Wakristo, wakiwemo Wakatoliki, watu wa Africa Inland Church, Waadventista na makanisa chungu nzima ya kilokole, imani yao imeingia kwenye mbio na mbio zikaingia kwenye imani. Nenda matangani, harusini, kwenye harambee au mahafali ya shule. Msemaji akishasalimu tu, utamsikia keshaingia barabarani: marehemu amemaliza mbio zake, maharusi wanaanza zao, watoto wasitoke kwa kasi wakaishiwa pumzi njiani. Ni kama wazee wetu wasivyoweza kusema maneno matatu bila nahodha, tanga na demani.

Naandika haya kwa sababu sisi wa Pwani tumezoea kuujua Ukristo kwa mlango mmoja, nao ni mihadhara. Vipaza sauti uwanjani, mhubiri huyu na ustadhi yule, vitabu viwili mezani, aya dhidi ya aya, na watazamaji wakihesabu nani kafungwa mabao mangapi. Nimehudhuria ya kutosha tangu ujana wangu. Mtu hutoka pale akijua jinsi ya kumjibu jirani yake, lakini hajui jirani yake anaamini nini. Huku nimewasikia wakielezana wenyewe kwa wenyewe, hakuna wa kumshinda mwenzake, na mambo yakawa na sauti nyingine kabisa.

Mazoea haya ya kutafuta dini ndani ya mbio si uvumbuzi wa Eldoret. Paulo, ambaye Wakristo humhesabu miongoni mwa mitume, aliliandikia kanisa la Korintho katika miaka ya 50 baada ya kuzaliwa Isa, alayhi salaam. Karibu na mji huo wa Wagiriki palikuwa na michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivishwa taji la majani. Waliosomewa barua ile waliijua michezo hiyo kama mtu wa Lamu anavyoyajua mashindano ya punda na ya mashua wakati wa Maulidi. Paulo akawapigia mfano wa kwao: mwanariadha hujinyima mengi kwa taji ambalo litanyauka, basi muumini ana sababu zaidi ya kujinyima kwa taji lisilonyauka. Kisha akaongeza jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Alisema kwamba yeye mwenyewe huutia mwili wake adabu, asije akawapigia wengine mbiu ya mashindano halafu yeye akaondolewa uwanjani.

Barua nyingine, ile ya Waebrania, inawataka waumini wavue kila kinachowaelemea ndipo wakimbie. Jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa upande wa Kaptagat, hunieleza hili kwa koti lake. Asubuhi huanza mbio amelivaa, kilomita ya pili hulifunga kiunoni, ya nne hulitundika kwenye ua wa mtu na kulifuata baadaye. Anasema mizigo mingi ya mtu si dhambi hata kidogo. Ni koti tu, lilimfaa alipoanza, na sasa linamchosha. (Yeye huniita Sheikh, kwa ajili ya kofia tu, maana usheikh sina. Nami humwita Mwalimu.)

Hapo niweke jambo dogo la lugha, wapenzi wa Kiswahili wanivumilie. Katika Biblia ya Kiswahili wanayoisoma huku, uvumilivu wa mkimbiaji huitwa saburi. Ni subira yetu hiyo hiyo. Imani, dhambi, toba, malaika, yote hayo ni maneno ya Pwani. Ludwig Krapf alianza kazi yake ya kutafsiri Mombasa na Rabai katika miaka ya 1840, na Askofu Edward Steere akaendeleza yake Unguja, na wote wawili walichota kwenye maneno waliyoyakuta midomoni mwa Waislamu. Kwa hiyo Mkalenjin anapoomba dua yake kabla ya mbio kwa Kiswahili, nusu ya maneno yake ametoa kwetu.

Anayetaka kuona mbio na kanisa zilivyoungana aende Iten, kilomita kama 35 kutoka hapa. Shule ya upili ya St Patrick's ilianzishwa huko na mabruda wa Kikatoliki kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia, naye hakuwa na elimu yoyote ya ukocha wa riadha. Alikusudia kukaa muda mfupi, akabaki miongo. Kupitia mikono yake na shule ile walipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, na Wilson Kipketer, na nje ya shule akamlea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Wasomaji wetu watapenda kusikia kwamba shule hiyo hiyo ya mabruda ndiyo aliyosoma Ibrahim Hussein, Mnandi wa Kapsabet mwenye jina la msikitini, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na baadaye Boston mara tatu.

Somo la kwanza ambalo Wakristo hulitoa katika mbio ni nidhamu. Hili halihitaji maneno mengi. Eliud Kipchoge, akiwa tayari tajiri na bingwa wa dunia nzima, alikuwa akilala kambini Kaptagat siku za kazi na kushika zamu ya kusafisha vyoo kama kijana aliyeingia jana. Muislamu aliyefunga Ramadhani hana la kubishana hapo. Kujinyima ili nafsi itii tunakujua, na katika Sunan Abu Dawud imesimuliwa kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Mara ya kwanza alishindwa, mara ya pili, Bi Aisha akiwa ameongezeka mwili, akamshinda. Mbio hazina ugeni kwetu.

Nidhamu ina ndugu yake wa karibu, nayo ni heshima ya siku ya ibada. Huku humtaja sana Eric Liddell wa Scotland, aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa kuwa mchujo uliangukia Jumapili, akaingia mita 400 na kuchukua dhahabu. Baadaye alikwenda China kuwa mmisionari na akafia huko kizuizini mwaka 1945. Waadventista wa mtaani kwetu nao hawaonekani barabarani Jumamosi asubuhi, hata mashindano yakiwa na zawadi nono. Sijui ni wafanyabiashara wangapi wetu hufunga duka Ijumaa adhana ikilia.

Lakini lipo somo jingine linalohubiriwa kwa kelele, na hilo silikubali, wala Mwalimu halikubali. Ni lile la kusema ukimtumikia Mungu vizuri utashinda, utapata nyumba, gari na shamba, na ushahidi ni bingwa fulani aliyepiga magoti baada ya utepe. Watu elfu wanakimbia kila asubuhi kati ya hapa na Iten. Wachache mno watapanda ndege. Je, waliobaki Mungu hakuwasikia? Mahubiri ya namna hiyo humwachia kijana aliyeshindwa mambo mawili: kudhani amelaaniwa, au kutafuta njia ya mkato. Na njia ya mkato tunaijua. Orodha ya Wakenya waliofungiwa kwa kutumia dawa haramu za kuongeza nguvu ni ndefu ya kuaibisha, na baadhi yao walikuwa wepesi wa kumshukuru Mungu mbele ya kamera. Paulo mwenyewe, kwa jinsi nilivyomfahamu, alikuwa akisema kinyume: taji la uwanjani hunyauka.

Nilipomwambia Mwalimu kwamba basi somo la mbio kwa Mkristo ni bidii, alisimama kabisa barabarani. Akasema, "Sheikh, bidii hata asiye na dini anayo. Mkristo akiona bidii peke yake katika mbio, bado hajaona kitu." Kisha akanisimulia habari tatu, zote za kweli na zinazojulikana, na ndizo zilizonifanya nielewe.

Ya kwanza ni ya Henry Wanyoike, wa Kikuyu, aliyepoteza macho akiwa kijana. Mwaka 2000 alikimbia mita 5000 katika Olimpiki ya walemavu mjini Sydney, akiongozwa na mwenzake mwenye macho. Kiongozi huyo alikuwa mgonjwa, na kabla ya mbio kwisha akaishiwa nguvu. Wanyoike, asiyeona, akamvuta anayeona hadi mwisho, na dhahabu ikawa yake.

Ya pili ni ya Abel Mutai, aliyekuwa ametoka kushinda shaba ya mita 3000 kuruka viunzi na maji mjini London. Tarehe 2 Desemba 2012 alikuwa akiongoza mbio za nyika huko Burlada, Hispania. Akadhani amemaliza, akasimama mita kama 10 kabla ya mstari. Watu walimpigia kelele aendelee, lakini kwa Kihispania. Aliyekuwa nyuma yake, Iván Fernández Anaya, angeweza kumpita na kushinda. Hakumpita. Alibaki nyuma yake akimwonyesha kwa mikono aende, mpaka Mutai akavuka kwanza.

Ya tatu ni ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Sote tulimtazama yeye. Mwalimu alikuwa akiwatazama wale 41 waliomwekea kasi kwa zamu, wengi wao mabingwa wenye medali zao, wakimkinga upepo kwa kujipanga mbele yake kama ndege wahamao. Mweka kasi hufanya kazi ya mshindi kisha hujitoa, na mwisho karibu wa utepe wale wa zamu ya mwisho walirudi nyuma ili apite peke yake.

Basi hilo ndilo Mkristo analoliona, alisema Mwalimu. Kwamba kuna aliyetangulia, akakatiza upepo wako, na akakuachia taji ambalo hukulistahili kwa kasi yako. Wao humwita Yesu, na kitendo hicho hukiita neema. Nidhamu yote ya Paulo, kumbe, kwao huja baada ya hapo. Mtu hakimbii ili apendwe. Hukimbia kwa kuwa amependwa tayari. Miaka yote ya mihadhara sikuwahi kusikia jambo hilo likielezwa hivyo, kwa sababu mhadharani hakuna mwenye haja ya kukueleza. Haja yake ni kukunyamazisha.

Na hapo ndipo njia zetu zinapoachana, wala sioni faida ya kuficha. Kwetu Isa bin Maryam ni Mtume mtukufu, na hakubeba dhambi za mtu. Qur'ani imerudia zaidi ya mara moja kwamba kila nafsi itajibu kwa mzigo wake, haitatupiwa mwingine. Tunaye wa kumfuata, kama safu inavyomfuata imamu, lakini imamu hakusalii wewe. Rakaa zako ni zako. Jirani yangu analijua hilo na haliwi ugomvi.

Ila tusijitanue pia, tukadhani sisi ni watu wa matendo na wao ni watu wa kubebwa. Wamepokea Bukhari na Muslim hadithi ambayo Mtume aliwafundisha masahaba kwamba matendo ya mtu peke yake hayatamwingiza Peponi. Wakamuuliza kama hata yeye ni hivyo. Akawajibu hata yeye, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema Zake. Rehema si neema kwa maana ya Mwalimu, tofauti ya msalaba ingalipo, lakini mkimbiaji Muislamu naye hafiki kwa miguu yake tu.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuja nilipomuuliza ni mbio gani katika Biblia azipendazo. Nilitarajia Paulo tena. Akanitajia mfano wa Isa ulio katika Injili ya Luka, wa kijana aliyedai urithi wake, akauponda ugenini, akarudi nyumbani amevaa matambara. Babake alimwona angali mbali, akamkimbilia. "Mzee mwenye mali na watumishi," alisema Mwalimu, "tangu lini akakimbia mbele za watu?" Nami nikamtajia hadithi qudsi iliyo katika Bukhari: mja akimwendea Mola wake kwa kutembea, Mola humjia mbio. Tukaendelea kimya karibu nusu kilomita. Katika dini zote mbili tulikuwa tunajadili mbio za mja, na kila kitabu kina mahali ambapo anayekimbia si mja.

Wazazi wa Kiislamu wanaoishi bara huniuliza jambo la vitendo, na nililijibu kwanza nyumbani kwangu. Mwanangu wa kidato cha pili hukimbia na vijana wa mtaa, na kabla ya kuanza wao husimama duara, hushikana mikono na kuomba kwa jina la Yesu. Aliniuliza, "Baba, niingie au nikae kando?" Nilimwambia asimame karibu, kofia mkononi, asishikane nao wala asiitikie amina kwa asichokiamini, na aseme Bismillahi yake kimoyomoyo. Adabu ni kusimama. Ukweli ni kutoigiza. Ustadhi anayeona vingine anielimishe kwa dalili, nitamsikiliza. Mwalimu aliposikia alisema afadhali huyo kuliko kijana wake mmoja wa kanisani, anayemshika mkono huku akiangalia saa.

Lipo swali moja ambalo mbio hazijalijibu, na ningekuwa ninawapamba majirani zangu nikiliacha. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, viungani mwa mji huu, kanisa la Kenya Assemblies of God lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo baada ya uchaguzi, wengi wao wanawake na watoto. Makumi walikufa. Katika ghasia hizo hizo aliuawa Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Eneo hili lote ni la Wakristo. Waliokuwa wakikimbia pamoja Desemba, Januari walikuwa wakikimbizana, na lugha yetu haina hata neno tofauti la kuzitenga mbio za zawadi na mbio za roho.

Nilimuuliza Mwalimu mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye ua wake baada ya mazoezi. Masomo yote yale, nilisema, ya mweka kasi na ya Mutai, yalikuwa wapi siku ile? Alikuwa akifungua kamba za viatu, akaendelea kuzifungua muda mrefu kuliko zinavyohitaji. Halafu badala ya kujibu akaniuliza kuhusu Likoni, Machi 2014, waumini waliopigwa risasi wakiwa ibadani, na kuhusu Garissa, Aprili 2015, wanafunzi walioulizwa dini zao kabla ya kuuawa, 148 kwa jumla. Hakuniuliza kwa ubaya. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kama mimi nimepata jibu, ili anisikilize.

Sikuwa nalo. Mkewe akatuletea chai ya maziwa na mursik ndani ya kibuyu, ambayo mimi bado siimalizi. Wakati wa kuondoka akaniuliza kama Jumamosi nitakuja, tukapime ile njia ya kuelekea Kaptagat, kilomita nane, polepole, kwa sababu goti lake la kushoto limeanza tena.